Tuelezwe dawa ya malaria inakishika kimelea wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa usugu wa dawa za malaria. Mmeandika mara kadhaa kuhusu vimelea vya Kagera vinavyochelewa kufa kwa artemisinini (dawa kuu iliyomo kwenye vidonge vya mseto), na mmefanya vyema, kwani usugu huo umethibitishwa pia Rwanda, Uganda na Eritrea. Lakini karibu kila habari inaishia kwenye jina la dawa, dozi na bei. Msomaji haambiwi dawa inakishika kimelea wapi. Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari, na naamini pengo hilo linatunyima jambo kubwa.

Tazama klorokwini, iliyoachwa kuwa dawa ya kwanza hapa nchini mwaka 2001. Yenyewe ilifanya kazi ndani ya kifuko ambamo kimelea humeng'enya himoglobini, protini inayoipa damu yetu rangi nyekundu. Mabaki ya mlo huo, yaani hemu, ni sumu, na kimelea hujiokoa kwa kuyageuza kuwa fuwele. Klorokwini ilizuia ugeuzaji huo. Artemisinini nayo huamshwa na hemu hiyohiyo. Vimelea vyenye mabadiliko fulani katika jeni ya kelch13 hula himoglobini kidogo vikiwa katika hatua ya pete (hatua ya kwanza ya kukua ndani ya seli nyekundu), hemu inapungua, dawa haiamki sawasawa. Dawa mbili tulizoziegemea miaka mingi, zote zilitegemea mlo uleule wa kimelea!

Ndiyo maana nataka wasomaji waifahamu njia nyingine kabisa: jinsi kimelea kinavyosafirisha mafuta.

Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, wala haitengenezi mafuta mapya. Plasmodium falciparum huingia humo kikiwa kimoja, na baada ya saa 48 hivi hutoka watoto 16 hadi 32, kila mmoja na utando wake. Utando huo kwa sehemu kubwa ni mafuta. Fosfolipidi, aina kuu ya mafuta hayo, kimelea hujitengenezea kwa malighafi kinazozoa kwenye damu yetu, lakini kolesteroli hakiwezi kuitengeneza hata kidogo. Lazima kiichukue kwa mwenyeji. Sasa, mafuta hayayeyuki katika maji, na seli imejaa maji. Tone la mafuta ya alizeti ukilidondoshea kwenye bakuli la maji litaelea palepale. Linahitaji mchukuzi. Ndani ya kimelea wachukuzi hao ni protini. Baadhi zina mfuko unaoificha lipidi, yaani mafuta hayo, isiguse maji wakati inavushwa kutoka utando mmoja hadi mwingine. Nyingine zimejichimbia ndani ya utando wenyewe na kuipitishia hapo.

Moja ya hizo zilizojichimbia inaitwa PfNCR1. Iko kwenye utando wa nje wa kimelea, hasa pale unapokaribiana sana na utando wa kifuko kingine, kile kinachokizunguka kimelea ndani ya seli nyekundu. Kazi yake, kuondoa kolesteroli kwenye utando huo, inaonekana vizuri kwa kutumia saponini, kemikali ya mimea inayotoa povu kama sabuni na kutoboa utando wenye kolesteroli nyingi. Ukiweka saponini kwa kipimo sahihi kwenye damu yenye malaria, seli nyekundu zinapasuka lakini vimelea vinabaki vizima, kwa sababu utando wao wa nje una kolesteroli kidogo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walionyesha kwamba PfNCR1 ikipunguzwa, au ikizuiwa kwa kemikali, saponini inakitoboa hata kimelea chenyewe. Kolesteroli iliyopaswa kuondolewa imebaki kwenye utando, na kimelea kinakufa.

Protini hiyo ina ndugu yake katika miili yetu, NPC1. Mtoto akizaliwa na NPC1 mbovu hupata ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C, kolesteroli ikirundikana ndani ya seli. (NPC1 hiyohiyo ndiyo virusi vya Ebola hujishikiza ili vipenye ndani ya seli, kama ilivyogunduliwa mwaka 2011.) Kwa hiyo dawa itakayolenga PfNCR1 ni lazima iiguse ya kimelea na kuiacha yetu salama.

Ipo pia protini nyingine ya kimelea, PfSTART1, ambayo hubeba fosfolipidi. Ikizuiwa, kimelea huingia kwenye seli nyekundu lakini hakiendelei kuwa pete.

Sisemi kwamba tiba imepatikana. PfNCR1 yenyewe ilitambuliwa kuwa shabaha baada ya vimelea vilivyokuzwa maabara pamoja na kemikali zinazoizuia kupata mabadiliko kwenye jeni yake na kuwa sugu. Hata njia ya mafuta, basi, itahitaji dawa mbili zinazoshika sehemu tofauti. Na mgonjwa anayejua kwamba ndani ya dozi yake ya mseto kuna dawa mbili, kila moja na mahali pake pa kushika, ana sababu ya kueleweka ya kumaliza vidonge vyote.

Ombi langu ni dogo. Kila mnapoandika habari ya dawa ya malaria, ongezeni sentensi moja ya kueleza inashambulia kitu gani ndani ya kimelea. Mnapowahoji wataalamu wa taasisi za utafiti wa afya za Ifakara na NIMR, au wa Hospitali ya Muhimbili, waulizeni pia kuhusu kimelea chenyewe, si vyandarua na takwimu tu. Vitabu vyetu vya shule vinaishia kwenye mchoro wa mbu, ini na damu, na wanafunzi wangu wanalisoma gazeti hili.

Mnaweza kuanza na cipargamini, dawa mpya inayojaribiwa kwa wagonjwa wa malaria kali. Hiyo huzuia PfATP4, pampu inayotoa sodiamu nje ya kimelea. Pampu ikisimama, kolesteroli nayo hurundikana kwenye utando, kama vile PfNCR1 ndiyo iliyozuiwa. Sodiamu na kolesteroli zinahusianaje? Mtafuteni mtafiti atueleze.

Mwalimu wa biolojia,
Muheza, Tanga