Barabara za Dar es Salaam zichorwe kwa kufuata jua letu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nitoe maoni kuhusu usanifu wa barabara za jiji letu. Mara nyingi barabara inapopanuliwa, kazi huanza kwa kukata miti, na mkandarasi anapoondoka huacha njia ya waenda kwa miguu isiyo na kivuli, ambayo saa saba mchana haipitiki. Matokeo yake tunayaona kwenye vituo vya daladala, ambako abiria hujipanga mstari mmoja kwenye kivuli cha nguzo ya umeme.

Miji ya Ulaya Kaskazini ina sababu ya kuacha mitaa wazi, kwa kuwa huko watu hulitafuta jua. Dar es Salaam iko nyuzi 7 hivi kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Mfano unaotufaa zaidi ni Singapore, yenye joto na unyevu kama wetu, ambako mpango wa mji wa mwaka 1822, enzi za Stamford Raffles, uliagiza kila nyumba iwe na upenu mbele yake, uungane na wa jirani, ili mpita njia akingwe jua na mvua. Mzigo huo uliwekwa kwa mwenye nyumba. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo nazo zilikuwa na baraza chini ya upenu, lakini ghorofa zilizochukua nafasi yake nyingi zimemsahau mpita njia.

Wapo wanaoshauri tuige vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Nina shaka, kwa sababu mji ule umejengwa kwenye rasi inayopigwa na upepo wa bahari, na kuta zake ndefu hutia kivuli bila kuuzima upepo wote. Kichochoro cha upana ule Manzese kingebaki na fukuto tu, achilia mbali gari la zimamoto ambalo lisingepita.

Ninachoomba ni wakala za serikali zinazosimamia barabara, TANROADS (barabara kuu) na TARURA (barabara za mijini na vijijini), waweke kivuli na mitaro iliyofunikwa ndani ya mkataba wenyewe, na sehemu ya malipo izuiwe mpaka miti iwe imevuka kiangazi cha pili ikiwa hai. Miti hiyo isiwe miashoki, ambayo imesimama kama mishumaa na haimfuniki mtu; mwarobaini au mkungu ungetufaa zaidi. Najua kivuli kitawavuta machinga na mama lishe, na sioni ubaya wowote. Upana wa njia upangwe kwa kuwahesabu na wao, kwani wasipokuwamo kwenye mchoro watakaa palepale, na anayetembea atalazimika kushuka barabarani kwenye bodaboda.

Mkazi wa Kinondoni,
Dar es Salaam