Rangi mpya si kipimo cha uimara wa meli

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa kazi yangu, yaani kupima unene wa mabamba ya chuma melini. Meli ikivunjika baharini, watu huuliza kwanza umri wake, na wakiambiwa ilikuwa kuukuu huridhika kana kwamba chanzo kimekwisha kupatikana. Umri una uzito wake, lakini MOL Comfort, meli ya kontena iliyoundwa mwaka 2008, ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Hindi mwezi Juni 2013, kabla haijatimiza hata miaka mitano.

Bodi ya meli, yaani mwili wake wote wa chuma, hufanya kazi kama boriti ndefu. Wimbi kubwa likiibeba katikati, omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) huning'inia, sitaha, yaani sakafu ya juu, ikavutwa na mabamba ya chini yakabanwa. Wimbi likisogea na kuinua ncha zote mbili, mambo hugeuka. Chuma huvumilia sana kuvutwa. Kubanwa ndiko kunakokiponza, kwa kuwa bamba jembamba likisukumwa kutoka pande mbili hubonyea kabla halijatumia nguvu yake yote, na likishabonyea mzigo wake huliangukia bamba la jirani, ambalo nalo huzidiwa. Meli dada za MOL Comfort, zilizoundwa kwa mchoro kama wake, zilipokaguliwa baada ya ajali, baadhi zilikutwa na mabamba ya chini yaliyokwisha kubonyea, ingawa zilikuwa bado zinasafiri.

Ndiyo sababu siwezi kukubali maneno kwamba kutu ya milimita mbili ni kitu kidogo. Bamba la milimita 10 likiliwa hadi 8 limepoteza moja ya tano ya chuma chake, lakini mzigo linaoweza kubanwa nao bila kubonyea hupungua hadi karibu nusu.

Mahali pa kupima nako kuna maana kubwa. MSC Napoli, meli nyingine ya kontena, iliyovunjika Januari 2007 katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, haikushindwa pale katikati ambapo kila mtu hutazama, bali kwenye chumba cha injini, sehemu ambayo kanuni za wakati huo hazikulazimisha ifanyiwe hesabu ya kubonyea.

Niliwahi kuingia katika tangi la farumi, yale maji yanayobebwa ili meli isipepesuke, huku ofisa mmoja wa meli akinihakikishia kwamba sitaha iliyo juu yetu ilikuwa imepakwa rangi majuzi tu. Nilipanda hadi chini ya sitaha hiyo, mahali ambapo maji na hewa hupokezana na kutu hula kuliko kwingine kote, nikagonga kwa nyundo, na kutu ikaanguka kwa matabaka kama maganda ya mti. Nilipokwangua, nikapaka mafuta mazito na kuweka kichwa cha kipimo, ambacho hutuma sauti ndani ya chuma na kusikiliza mwangwi wake, bamba la milimita 10 lilisoma 7.6. Upande wa juu rangi ilikuwa inang'aa. Rangi hiyo hiyo ingeweza kunidanganya kama ningepima kutoka juu yake, kwani kipimo kinachotegemea mwangwi mmoja huihesabu rangi kuwa ni chuma na kutoa unene usiokuwapo.

Ombi langu kwa wenye meli ni kwamba watoe siku za kutosha chelezoni, mahali meli inapotolewa majini kwa matengenezo, ili matangi yakaushwe, yaingizwe hewa na kukwanguliwa kabla hatujaingia, wala wasituchagulie sehemu za kupima. Kwa wanaokokotoa nguvu za meli, ninaomba unene tulioupima ndio uingizwe katika hesabu, kuanzia omo hadi tezi, badala ya ule ulioandikwa kwenye michoro siku meli ilipoundwa.

Wako,
Mpima mabamba ya meli