Sindano moja haimkingi mtoto wa mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu ya barua. Wanaouza watoto wa mbwa kando ya barabara na kwenye mitandao wana kauli moja inayomtoa mteja wasiwasi: "Huyu tayari kachanjwa." Mara nyingi wanasema kweli. Kadi ipo, muhuri upo, hata lebo ya kichupa imebandikwa. Wiki moja baadaye mtoto anatapika, anahara damu yenye harufu kali, anakufa. Mwenye nyumba anabaki akiamini ama chanjo ni utapeli, ama jirani kamtegea sumu.

Jirani hana kosa, na chanjo si utapeli. Kilichoharibika ni hesabu ya wiki.

Mtoto wa mbwa huzaliwa karibu hana kinga yoyote. Kinga yake ya kwanza huinyonya kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, katika siku ya kwanza ya maisha. Kinga hiyo ya kuazima haichagui: inaua kirusi cha ugonjwa, na inaua pia kirusi kilichodhoofishwa kilichomo kwenye chanjo. Sindano ya wiki ya sita inaweza kufutwa yote na kinga ya mama kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Kinga ya mama hupungua kwa nusu takriban kila siku kumi. Kwa mtoto mmoja huisha wiki ya 8, kwa mwingine wiki ya 12, na wachache hukaa nayo hadi karibu wiki ya 16. Hata waliozaliwa tumbo moja hutofautiana, kwa sababu hawakunyonya sawa. Pabaya zaidi ni pale katikati: kuna wiki moja au mbili ambapo kinga ya mama ni ndogo mno kumlinda mtoto, lakini bado inatosha kuizuia chanjo.

Ndiyo maana chanjo ya mchanganyiko (ya parvo, yaani kirusi cha kule kuhara damu, pamoja na distempa, homa ya ini ya mbwa na magonjwa mengine ya virusi) huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4, na ya mwisho isichomwe kabla ya wiki ya 16. Sindano hizo si za kujazia kile kilichopungua. Ni kubisha hodi mara kwa mara mpaka mlango ukutwe wazi. Anayeacha baada ya ya pili kwenye wiki ya 10 amelipa fedha na huenda hakupata kitu. Sindano ya wiki ya 16 ikishapita, mtoto hurudiwa akiwa na miezi 6 hadi mwaka mmoja.

Chanjo ya leptospira ina taratibu zake: dozi mbili, zikipishana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka. Ugonjwa huo huenezwa na mkojo wa panya, na binadamu naye huupata. Ndio ule tuliousikia Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Nyumba yenye panya stoo isiiruke.

Sasa muuzaji. Usichukue mtoto aliye chini ya wiki 8, na usitegemee umri uliotajiwa mdomoni. Fungua kinywa. Wa wiki 8 anatakiwa awe na meno yote 28 ya utoto. Ukiona ya mbele yametoka lakini magego ya nyuma bado yanachungulia, huyo ni wa wiki tano au sita, kaachishwa ziwa mapema ili kupunguza gharama ya chakula. Tazama pia fizi: ziwe waridi. Fizi nyeupe na tumbo lililovimba kama ngoma ni minyoo, hata kama muuzaji anaita tumbo hilo shibe. Na uulize chanjo ilitunzwaje. Chanjo hizi hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na unga ukishachanganywa na maji yake hutumika papo hapo. Kichupa kinachotoka mfukoni mwa shati saa saba mchana kitampa mtoto maumivu ya sindano tu.

Mtoto akishafika nyumbani, mweke mbali na mbwa wengine kwa wiki mbili, kwa sababu parvo hujionyesha siku 3 hadi 7 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine zaidi. Anaweza kuwa ameletwa nayo akiwa anacheza vizuri tu.

Kama mbwa aliwahi kufa kwa parvo uani kwako, jua kirusi bado kipo. Hukaa kwenye udongo wenye kivuli miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na dawa nyingi za kusafishia zenye harufu nzuri hazikigusi. Jiki inakiua, ila kwa masharti: osha kwanza kwa sabuni mpaka uchafu wote utoke, maana kinyesi huimaliza nguvu jiki. Kisha changanya kipimo kimoja cha jiki na thelathini vya maji (kama mililita 330 kwenye ndoo ya lita 10), mwagia sakafu, vyombo na kuta za banda, acha dakika kumi, suuza. Kwenye udongo na majani haifui dafu. Uwanja wa namna hiyo unafaa mbwa mkubwa aliyemaliza chanjo, si kilebu cha wiki nane.

Dalili zikianza, saa ndizo zinazoua. Parvo huchubua utando wa utumbo na kushusha chembe nyeupe za damu. Mtoto hufa kwa kuishiwa maji na kwa bakteria wanaopenya kutoka tumboni kuingia kwenye damu. Dawa ya kukiua kirusi chenyewe haipo mikononi mwa kliniki zetu. Kinachookoa ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibaiotiki na joto. Gusa fizi kwa kidole: zikinata badala ya kuteleza, amekaukiwa. Usimshindilie maji wakati anatapika, wala usimpe vidonge vya kuhara vya binadamu ukisubiri kesho. Paracetamol, ibuprofen na diclofenac hazina nafasi kabisa kwa mtoto wa mbwa. Zimewamaliza wengi ambao ugonjwa wenyewe ungewaacha.

Minyoo haingoji chanjo. Mbwa jike humwambukiza mtoto minyoo ya duara akiwa bado tumboni, na humwongezea kwenye maziwa, hivyo mtoto aliyefungiwa kwenye boksi safi tangu azaliwe naye anayo. Dawa hutolewa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, halafu kila mwezi hadi miezi 6. Pima uzito kwanza. Fenbendazole, kwa mfano, ni miligramu 50 kwa kila kilo, siku tatu mfululizo. Kinyesi kizolewe kila siku, na sababu yake si usafi wa macho tu: mayai ya minyoo hiyo huhitaji wiki mbili au zaidi ardhini kabla hayajaweza kuambukiza. Ukizoa leo, watoto wako wanaochezea mchanga hawatayakuta yameiva.

Kupe na viroboto ndiko makosa ya dawa yanakozidi, kwa kuwa watu hukimbilia dawa ya ng'ombe. Ivermectin ya sindano ya asilimia 1 imepimwa mililita moja kwa kilo 50 za ng'ombe. Mtoto wa mbwa wa kilo 2 kwa hesabu hiyo angepewa mililita 0.04, tone ambalo bomba la kawaida halilipimi. Anayekadiria kwa jicho humpa mara kumi yake, na mtoto hupepesuka, hupofuka kwa muda, au hazinduki. Dawa za kuogeshea zenye amitraz nazo hazifai kwa aliye chini ya miezi 4. Kuna dawa za kupulizia zenye fipronil zinazofaa hata kwa wadogo sana. Soma umri kwenye lebo, usisome bei. Na kupe wa mbwa hutaga kwenye nyufa za banda, kwa hiyo kumtibu mbwa na kuacha kuta ni kuchota maji kwa pakacha. Mtoto mwenye homa, fizi zilizopauka na mkojo wa rangi ya kahawa apelekwe siku hiyo hiyo. Hiyo huenda ni homa ya kupe.

Chakula. Wiki 8 hadi miezi minne apewe milo minne kwa siku, kisha mitatu hadi miezi sita, baadaye miwili. Chakula cha muuzaji kiendelee siku nne tano, ukichanganya chako kidogo kidogo, la sivyo atahara na utadhani ni ugonjwa. Ugali mtupu na mchuzi hujaza tumbo bila kujenga mwili. Nafaka isizidi nusu ya sahani, nusu nyingine iwe dagaa waliooshwa mchanga na kusagwa, mayai ya kuchemsha, maini kidogo, nyama. Anayelishwa nyama isiyo na mfupa tu hukosa kalsiamu, miguu ikapinda na mifupa ikavunjika kwa kuruka kochi. Dagaa wazima na mifupa yao wanasaidia hapo. Lakini anayekula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa asiongezewe kalsiamu, hasa wa jamii kubwa kama German Shepherd, maana ikizidi nayo huharibu mifupa. Maziwa ya ng'ombe huharisha wengi. Kitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa visikaribie bakuli lake.

Hapa kuna jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mama wa nyumba ameyakataa, huishia kusagwa "ya mbwa". Sumukuvu haipotei kwa kupikwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaua upesi, kwa kuharibu ini. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Pumba yenye ukungu ifukiwe. Asipewe mbwa, wala kuku.

Kuhusu usiku wa kwanza, mtoto atalia. Hajawahi kulala peke yake. Katoni yenye kitambaa kilichokaa na mama yake, chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo, na pahali anaposikia pumzi za watu kwa siku chache vinatosha. Banda la mwisho wa uwanja lisubiri. Haja kubwa na ndogo: mtoe mahali pale pale kila akiamka, akimaliza kula na akimaliza kucheza, na msifu hapo hapo. Kwa umri wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa mbili tatu. Kumsugua pua kwenye mkojo humfundisha kujificha, ndiyo maana unaukuta nyuma ya kabati.

Kumfunga mnyororo tangu mdogo "ili awe mkali" ni imani ninayotamani ife. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 ubongo wake unaandika orodha ya vitu visivyo vya kuogopwa: watoto, bodaboda, mwavuli, mgeni mwenye kanzu, mlio wa jenereta. Asiyeviona wakati huo ataviogopa, na mbwa mwoga ndiye anayeuma mtoto wa nyumbani huku mwizi akimrushia mfupa. Chanjo haijakamilika? Mbebe mikononi, mtembeze mtaani hivyo, miguu isiguse chini. Anaona na kusikia bila kunusa kinyesi cha mbwa koko.

Kichaa cha mbwa kina sindano yake peke yake, wiki ya 12, na hurudiwa baada ya mwaka. Kampeni za serikali zikipita mtaani, nyingi zikiwa karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, mpelekeni hata ambaye hajafikisha miezi mitatu, kisha arudiwe akiifikisha. Wanaouliza kama mtoto wa mbwa mdogo hivyo anaweza kuambukiza kichaa wajue kwamba anaweza. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jino liliacha alama ndogo kama ya sindano.

Daktari wa mifugo,
Morogoro