Risala ya Klabu ya Anga na Redio kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Anga Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Shule,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Walimu, wazazi, wanaklabu na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha tena katika uwanja huu. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu katikati ya majukumu mengi ya ujenzi wa taifa, na zaidi kwa kuwasili kabla ya saa sita mchana, jambo ambalo klabu yetu haijalizoea kwa wageni wake. Karibu sana Morogoro, mji kasoro bahari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Anga huadhimishwa kila mwaka kuanzia tarehe 4 hadi 10 Oktoba. Tarehe 4 Oktoba 1957 ndiyo iliyorushwa Sputnik, satelaiti ya kwanza kutengenezwa na binadamu, na miongoni mwa waliousikia mlio wake kwenye megahezi 20.005 walikuwa wapenzi wa redio wa kawaida wakiwa majumbani mwao. Afrika Mashariki nasi hatukukaa kando. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kupima mionzi ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo wenzetu wa Kenya walikuwa wakisherehekea uhuru wao, satelaiti ikapewa jina la Uhuru. Baadaye klabu yetu ikaanzishwa, na tangu hapo imepiga hatua kubwa.

Klabu imeshiriki kikamilifu katika uchunguzi wa sayari ya Mirihi. Gari la Perseverance lilitua kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, na picha zake ghafi huwekwa wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Wanachama huchagua picha zilizopigwa siku moja ya Mirihi na kwa kamera ileile, zinazopandana kingo, kisha huziunga kuwa mandhari moja. Picha za sayari ya Mshtarii (Jupita) zinazotumwa na chombo cha Juno ni ngumu zaidi. Chombo hicho hujizungusha takriban mara mbili kwa dakika, na kamera yake huchukua vipande vyembamba vya rangi nyekundu, kijani na bluu kwa zamu. Asiyesahihisha mzunguko huo hupata sayari yenye kingo tatu za rangi tofauti. Kazi hizo zimebandikwa ukutani maabara, mkono wa kushoto ukiingia. NASA haijatuandikia barua ya shukrani, lakini hatujakata tamaa.

Vilevile tunafuatilia Voyager 1, chombo cha anga kilichotumwa mbali kuliko vyote, iliyoondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977 na ambayo redio yake hutumia takriban wati 23 tu. Novemba 2023 ilianza kutuma takwimu zisizosomeka kwa sababu sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta yake iliharibika. Wahandisi waliihamisha programu kipande kwa kipande hadi kwenye sehemu za kumbukumbu zisizoharibika, na Aprili 2024 taarifa za hali ya chombo zikaanza kusomeka tena. Ukarabati huo ulifanyika kwa umbali wa kilomita bilioni 24, nao ulichukua miezi mitano. Tunautaja, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa sababu jambo tunaloliombea msaada leo liko mita 40 kutoka hapo ulipoketi, na lina umri mkubwa kuliko huo.

Jambo lenyewe ni mlingoti.

Mwaka 2022 mgeni rasmi wa siku kama ya leo aliahidi mlingoti wa antena, tena kwa kupigiwa makofi. Wanafunzi walichimba shimo la msingi wiki hiyohiyo: sentimita 60 kwa 60, kina mita moja. Shimo lipo. Wakati wa masika hujaa maji, na limefunikwa kwa bati na mawe mawili kwa usalama wa mbuzi wa jirani. Mgeni rasmi aliyefuata alituambia, "Nimelichukua." Tunaamini bado analo. Aliyemfuatia alisema lipo kwenye mchakato. Hatuna ubaya na mchakato, ila tunaomba tusaidiwe kulitoa huko.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tueleze kwa nini mlingoti umekuwa wa lazima sasa, wakati zamani tungeweza kuvumilia. Kwa miaka mingi wapenzi wa satelaiti duniani kote walipokea picha za mawingu kutoka satelaiti za hali ya hewa za Marekani, NOAA 15, NOAA 18 na NOAA 19, kwenye megahezi 137. Hizo zilikuwa picha za analojia. Antena ya fimbo mbili za alumini, kila moja sentimita 53, zikipanuliwa kwa nyuzi 120 na kulazwa usawa wa ardhi, ilitosha. Ukiishika mkononi, mkono ukitetereka, picha iliingia chenga kidogo halafu ikaendelea. Satelaiti hizo tatu zilizimwa kati ya Juni na Agosti 2025. NOAA 15 ilirushwa mwaka 1998 na ikafanya kazi miaka 27. Ilijitahidi kuusubiri mlingoti wetu kadiri ilivyoweza.

Zilizobaki kwenye masafa hayo ni satelaiti za hali ya hewa za Urusi ziitwazo Meteor, M N2-3 na M N2-4, zinazotuma picha za kidijiti kwenye megahezi 137.9 au 137.1 kwa kasi ya kilobiti 72 kwa sekunde. Picha zake ni kali mara kadhaa kuliko zile za zamani, lakini hazina huruma. Mawimbi yakiwa juu kidogo ya kiwango kinachotakiwa, picha hutoka safi kabisa. Yakishuka chini yake kidogo, programu ya SatDump huandika mstari mweusi, na mistari hiyo ikikithiri hakuna picha. Mkono unaotetereka ulitosha kwa NOAA. Kwa Meteor hautoshi.

Hali ilivyo sasa ni kwamba mwanafunzi husimama juu ya dawati uwanjani akiwa ameinua antena, na mwenzake hukaa chini na kompyuta. Mwili wa aliyeshika huharibu umbo la mapokezi, bati la bweni hurudisha mawimbi yakagongana, na kiungio cha kebo hulegea kila anapogeuka. Satelaiti hupita kwa muda usiozidi takriban dakika kumi na tano, kutoka upeo mmoja hadi mwingine. Upande wa kusini milima ya Uluguru huzikata dakika za mwanzo au za mwisho. Hatudai mlingoti utaishinda Uluguru. Utalishinda bati la bweni, na hilo pekee litaturudishia sehemu kubwa ya kila pito.

Mlingoti wenyewe si kitu cha ajabu. Ni mabomba mawili ya GI, yaani ya chuma kilichopakwa zinki, kila moja mita 6: la inchi mbili chini, na la inchi moja na nusu likizamishwa ndani yake mita moja, kisha kuchomelewa. Mita moja ikiingia kwenye zege, juu ya ardhi hubaki mita 10. Waya za kuvutia za milimita 5, zilizopakwa zinki, zifungwe kwenye ngazi mbili za urefu, pande tatu kwa nyuzi 120, na nanga zake zichimbiwe mita 6 kutoka kwenye shina. Wenye haraka huziweka mita 2 ili zisisumbue njia, matokeo yake waya hulivuta bomba kuelekea chini badala ya kulishikilia, na upepo wa kwanza wa masika hulipinda katikati. Zege la msingi na nanga tatu, kwa mchanganyiko wa 1:2:4, linahitaji mifuko minne ya saruji. Mchanga na kokoto wazazi wameshaleta. Vipo nyuma ya jiko.

Radi hatuichukulii kimzaha. Bomba la mita 10 katika uwanja wazi lazima liwe na fimbo tatu za ethi, za kuipeleka radi ardhini, zilizounganishwa kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, na kebo ipitie kizuia radi kabla haijaingia maabara. Waya huo ushuke moja kwa moja bila kupindwa kona kali, maana radi haifuati kona. Hata hivyo, mvua ikianza kebo huchomolewa na kuachwa nje ya dirisha. Kizuia radi huokoa kompyuta na radi iliyopiga mbali. Ikipiga mlingoti wenyewe, hakuna wa kumlaumu.

Kuhusu kebo, tunaomba kwa unyenyekevu mkubwa tusiletewe tena kebo nyembamba ya RG-58 kwa sababu ni rahisi kuipata. Kwa mita 30 tunazohitaji, kebo hiyo hula takriban desibeli 6 kwenye megahezi 137, yaani robo tatu ya nguvu iliyopokelewa hupotelea njiani. Kebo ya RG-6, ileile ambayo mafundi dishi wanaitumia kila siku, hula desibeli 2 na kidogo. Imetengenezwa kwa omu 75 na vifaa vyetu ni vya omu 50, lakini hasara ya tofauti hiyo ni ndogo sana.

Amplifaya ndogo ikae juu, jirani kabisa na antena, ndani ya kiboksi kisichoingiza maji chenye tundu dogo kwa chini la kutolea unyevu. Ikiwekwa maabara huwa inakuza mawimbi pamoja na makelele yaliyokwisha kuingia njiani. Iwe na kichujio cha megahezi 137, kwa sababu stesheni za FM za mjini zina nguvu kiasi cha kukifanya kipokezi chetu cha USB kiziwi, na asiyejua hudhani satelaiti haijapita. Umeme wake wa volti 4.5 hupandishwa na kipokezi kwa kebo hiyohiyo, hivyo hakuna waya wa pili.

Katika shina la mlingoti huohuo tutafunga dishi la sentimita 90 ambalo mzazi mmoja ametupatia. Hili ni la kusikiliza QO-100, satelaiti ya kwanza kubeba mitambo ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiofanya biashara, ikiwa imetulia juu ya ikweta, nyuzi 25.9 mashariki. Kwa Morogoro dishi huelekezwa kaskazini magharibi, takriban nyuzi 300 za dira na mwinuko wa nyuzi 74, kwa hiyo miti si tatizo. Tatizo ni LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi na kuyashusha masafa. LNB nyingi za bei rahisi huhama masafa jua linapoipasha, kilohezi mia kadhaa kati ya asubuhi na adhuhuri. Kwa televisheni hakuna atakayegundua, kwa kuwa chaneli ni pana. Mazungumzo ya QO-100 yana upana wa kilohezi tatu kasoro, basi mzungumzaji hukukimbia katikati ya sentensi. Tunaomba LNB moja ya PLL, yaani inayoyashikilia masafa yake kwa kristali, nayo iwe ya megahezi 25. Ikipewa volti 13, sauti za megahezi 10,489.5 na kuendelea hushuka hadi 739.5, ambazo kipokezi chetu kinazifikia bila shida. Hapo wanafunzi watasikia mazungumzo ya Ulaya, Uarabuni na Afrika nzima saa yoyote, bila kusubiri satelaiti ipite. Hatuombi kurusha, kurusha kunataka leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na hilo tutalifuata wenyewe kwa wakati wake.

Umeme ukikatika tunahitaji betri ya saa-ampia 100 na paneli ya wati 200. Chaji kontrola isichaguliwe kwa bei tu: nyingi hupiga kelele kwenye masafa yaleyale ya 137, ukabaki na umeme wa kutosha na picha hakuna. Kabla ya kulipa iwashwe karibu na kipokezi dukani. Mwenye duka akikataa, hapo tayari amekupa jibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jumla ya mahitaji yote, pamoja na kompyuta mpakato moja iliyotumika na malipo ya fundi, ni shilingi 3,180,000. Mchanganuo umo kwenye bahasha iliyo mbele yako. Wanachama na wazazi wameshachangia mchanga, kokoto, dishi, fimbo mbili za ethi, na lile shimo.

Tungependa pia kusema, kwa adabu zote, kwamba si lazima utoe vyote. Ukitoa mabomba, waya na saruji pekee, mlingoti utasimama, na yaliyobaki tutayatafuta. Tunachoomba kisitokee ni ahadi ya vyote. Vilevile tunaomba msaada usije kwa mfumo wa fulana zenye nembo. Zile za mwaka juzi bado zinavaliwa, na haziwezi kushika antena.

Fundi wa kuchomelea aliyekubali kazi hii amekaa safu ya pili, mwenye kofia ya bluu. Duka la saruji liko ng'ambo ya barabara na leo halifungi hadi saa kumi na mbili jioni. Meteor itapita juu yetu leo alasiri, na ratiba imebandikwa mlangoni mwa maabara kwa yeyote atakayependa kushika antena.

Tunaomba kuwasilisha.

Kamati ya Maandalizi,
Klabu ya Anga na Redio