Mume wangu kila kitu "sawa tu", nifanyeje?

Anti shikamoo, na wasomaji wote habari zenu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, niko Morogoro, mchana kazini jioni nasomea ushauri nasaha. Naombeni ushauri, ila tafadhali msiniambie nishukuru, hilo mama mkwe ashaniambia vya kutosha.

Mume wangu hanipigi, halewi, hana mchepuko, hela ya matumizi anaacha kila asubuhi. Ila hataki kitu chochote. Tujenge au tuendelee kupanga? Sawa tu. Mtoto wa pili? Utakavyoona wewe. Siku moja nilimwambia nafungasha narudi kwetu, akaniuliza kama nauli ninayo. Heri angefoka jamani! Na hakuwa hivi, huyu mtu kipindi cha uchumba alikuwa anapanda basi kutoka Iringa kuja kunisalimia tu na kugeuza, lakini tangu duka lake lilipokufa ni kama naye aliondoka nalo.

Sasa darasani tumefika saikolojia ya udhanaishi, ile inayoangalia mtu anavyochagua na kuyapa maana maisha yake, tukamsoma Mmarekani mmoja Rollo May, kitabu chake cha 1969 kuhusu mapenzi na utashi, kuna sehemu nilifika nikalia. Anasema kinyume cha mapenzi sio chuki, ni kutojali. Kweli kabisa, mwenye chuki angalau bado anakuona. Na utashi kwake sio kujikaza tu, unahitaji hamu, mtu mwenye utashi bila hamu anakauka anabaki kutimiza wajibu, na mwenye hamu bila utashi anapelekwapelekwa kama mtoto. Huyo wa kwanza ndio mume wangu mtupu. May mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1940, akalazwa Saranac Lake kule New York, wakati huo dawa ya uhakika ilikuwa bado haijapatikana, na akaona wagonjwa waliokata tamaa wakajiachia ndio waliokuwa wanakufa, waliojipigania wengi wakapona. Hilo linaninyima usingizi.

Kinachonikwamisha ni hiki. Nikimbana atafanya, atachimba msingi hata kesho kwa sababu mimi nimesema, na hapo nitakuwa nimemuongezea wajibu mwingine tu, hamu hakuna. Nikinyamaza nisubiri irudi yenyewe, naona na mimi nimeanza, juzi mtoto kaniuliza kitu nikajibu sawa tu bila hata kumsikiliza, nikaogopa sana.

Nimewaza labda ni sonona, nikamwomba twende kwa mtaalamu. Unajua alivyojibu. Je Anti, nimpeleke hivyohivyo, kakubali ila hajataka, itasaidia? Au nitangulie mwenyewe kwanza? Nampenda bado, sitaki kuondoka. Na kama kuna aliyepitia hili naomba aniambie, kitu cha kwanza mwenzako kukitaka tena kilikuwa nini, na ulijuaje kwamba safari hii anataka kweli?