Filamu za vijana wahuni: kasoro nyingi zilitokana na hesabu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za bei poa za Marekani, zile za vijana wahalifu wa miaka ya 1950, ilizicheka kwa usiku usiofanana na usiku na wanafunzi wenye sura za watu wazima. Kucheka ni haki ya mtazamaji. Lakini kuziita kazi za kizembe ni kuwaonea waliozitengeneza.

Baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1948, studio kubwa zilianza kutenganishwa na majumba yao ya sinema, zikapunguza filamu ndogo. Majumba bado yalitaka filamu mbili kwa tiketi moja. Ile ya pili ililipwa ada ya mkupuo, hata watu wakijaa hadi mlangoni. Ndipo kampuni ya filamu ya American International Pictures, ya James Nicholson na Samuel Arkoff, ikaanza kuuza filamu zake mbili kwa pamoja ili nayo idai asilimia ya mapato. Mara nyingi Nicholson alibuni kwanza jina na bango, mswada ulifuata. Usishangae bango likiahidi kisichokuwemo.

Bajeti nyingi hazikufika dola 100,000, na upigaji picha ulimalizika kwa wiki moja au mbili. Mkanda wa milimita 35 hula futi 90 kwa dakika, yaani futi 6,300 kwa filamu ya dakika 70, kabla ya kurudia tukio lolote, na kila futi ililipiwa. Kilichokula muda zaidi ni kuhamisha taa. Ndiyo maana watu wawili husimama mahali pamoja wakizungumza weee.

Sasa huo usiku. Kupiga picha barabarani gizani kulidai jenereta, taa kubwa na malipo ya ziada kwa mafundi. Wakapiga mchana: tundu la lenzi likabanwa ili mwanga upungue, na kichujio chekundu (kioo cha rangi mbele ya lenzi) kikatia weusi anga la buluu kwenye mkanda wa nyeusi na nyeupe. Chekundu peke yake hupausha nyuso na midomo, hivyo mpiga picha mjuzi aliongeza cha kijani. Kukiwa na mawingu mbinu hii hufeli, kwa kuwa kichujio hakiwezi kutia giza anga jeupe. Hata jua likiwaka, tazama lami: vivuli vikali vya magari vinasema ni mchana.

Kuhusu sura za watu wazima, sheria ya California ilibana saa za kazi za watoto na kudai mwalimu awepo. Mwenye miaka 22 alifanya kazi kutwa. Na mhalifu kuadhibiwa mwishoni lilikuwa sharti la kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934.

Kama mwandishi wenu angeshambulia mazungumzo, nisingemjibu. Misimu ya mitaani waliyotiwa vijana vinywani ilinuka wino wa wazee, na mazungumzo bora hayakuhitaji taa wala mkanda wa ziada.

Msomaji wenu, mpenzi wa sinema za zamani