Tunaogopa papa, konokono tunaoga naye

Mhariri naomba nafasi kidogo niongelee hizi muvi za wanyama wa kutisha kwenye vibanda umiza huku Mwanza, naona zinatutisha na tusichonacho. Watoto wa Igombe wanapiga kelele wakiona anakonda anameza mtu, nyoka ambaye kwao ni Amerika ya Kusini na Afrika hayupo kabisa, halafu muvi ikiisha hao mbio ziwani kuogelea kwenye majani. Papa ndo usiseme, ziwa letu maji baridi, atatokea wapi?

Sisemi zifungiwe, mi mwenyewe mpenzi wa muvi. Ile Jaws ya 1975 papa haonekani vizuri mpaka imeenda mbali, sababu dude la mashine walilotengeneza lilikuwa linaharibika kila saa kwenye maji ya chumvi, Spielberg aliyeiongoza ikabidi aoneshe maji na muziki tu na hapo ndo watu wakaogopa kweli, maji yametulia hujui chini kuna nini. Sasa mama wa Buchosa anayechota maji ziwani hiyo anaijua bila kulipa kiingilio, na mamba wake hatanguliwi na muziki.

Kichocho ndo kabisa. Kidudu kinatoka kwa konokono kinakupenya kwenye ngozi umesimama tu majini, hukioni, mambo ya choo chenye damu na tumbo kuvimba yanakuja baadae. Nani kashawahi kumkimbia konokono? (nacheka ila sio ya kucheka)

Halafu huu woga unamrudia mnyama. Peter Benchley aliyeandika kitabu cha Jaws alikuja kutumia miaka mingi kuwatetea papa, aliona watu wanavyowachukia. Huku chatu akionekana kwenye mawe mtaa mzima unatoka na mapanga, wakati Bayeye wa kisukuma wanacheza ngoma na chatu shingoni tangu enzi za mababu.

Ombi langu kwa madijei wanaotafsiri, mnaongezeaga maneno yenu kibao humo mpaka utani wa Simba na Yanga, basi anakonda akitokea ongezeni na hili, huyu kwetu hayupo ila dogo toka kwenye majani kuna kichocho. Na nyie wa bongo muvi mizimu na waganga tumechoka, mamba wa Sengerema yupo, leteni kamera.

Mpenzi wa muvi, Nyegezi, Mwanza